Anza na sahani, hoteli baadaye: kumtafutia mlaji mahali pa kula siku yake ya kuzaliwa, Kampala

Mume wangu ni mlaji. Sisemi mlafi, mlafi hahitaji mwongozo, mwekee sinia tu mbele yake. Mlaji ni yule anayeonja mchuzi kijiko kimoja, ananyamaza kidogo, halafu anakuambia kitunguu kilitolewa motoni mapema. Ukiishi na mtu wa namna hiyo, siku yake ya kuzaliwa ni mtihani, na mimi mtihani huo niliufeli vibaya mwaka wa kwanza tulipohamia Kampala.

Nilimpeleka hoteli moja kubwa, jina nalihifadhi, yenye bwawa la kuogelea na taa za rangi juu ya miti. Bufee. Vyombo vya chuma vimepangwa mstari mrefu, chini yake vimoto vidogo, na samaki amelala ndani ya mvuke tangu saa kumi na mbili jioni. Baba Rahma aliizunguka meza ile mara mbili na sahani tupu mkononi, akarudi na wali mweupe na dengu. Saa tatu wahudumu wakaja na ngoma na kofia ya karatasi. Akatabasamu kwa adabu. Bili ilikuwa shilingi 260,000 za Uganda. Tulipofika nyumbani alivua koti, akaingia jikoni, akakaanga mayai.

Nikikumbuka sasa, hoteli ile haikuwa na ubaya wowote kwa mtu anayependa bwawa. Nilikosea mpangilio: nilichagua mahali, chakula nikakiachia bahati. Kwa mlaji unageuza. Kwanza ijue sahani, ndipo uitafute nyumba inayoipika. Tangu hapo nimefanya hivyo kwa mume wangu na kwa marafiki kadhaa walioniomba msaada, na hizi ndizo hatua ninazofuata.

Hatua ya kwanza: mpeleleze, usimuulize

Ukimuuliza "unataka twende wapi?" atakujibu "popote," na hapo hasemi kweli. Anza mwezi mmoja kabla, kimyakimya. Mkila nje siku za kawaida, tazama anachoagiza kila mara, na tazama zaidi anachokibakisha. Sikiliza pia ni chakula gani hukisimulia bila kuulizwa. Wa kwangu husimulia jiko la bibi yake huko Butambala, moshi, majani ya migomba, na kuku aliyekuwa akifukuzwa asubuhi. Rafiki yangu mmoja wa Ntinda, mkewe husimulia vitu alivyoviona kwenye simu usiku: tambi za Kijapani, jibini inayochomwa, mkate wenye matundu makubwa.

Hao ni walaji wawili tofauti kabisa. Wa kwanza anatafuta kitu alichowahi kukila kikiwa sawasawa. Ukimpeleka kwenye samaki mbichi aliyeviringishwa na wali atakula kwa heshima yako tu. Wa pili anataka ladha ambayo ulimi wake haujawahi kukutana nayo. Ukimpa luwombo, kile chakula cha Kiganda kinachopikwa ndani ya jani la mgomba, atasema asante, lakini luwombo anaila kwa mama yake kila Krismasi. Kuna na yule anayependa ufundi wenyewe, moto na kisu na unga, huyo hata ukimketisha mbele ya fundi wa chapati pale Wandegeya atafurahi.

Halafu jiulize: nyumbani kwenu mnapika nini vizuri? Hicho kiondoe kwenye orodha. Mimi ni wa Tanga. Pilau, samaki wa nazi na mkate wa kumimina anavipata Ijumaa bila hata kuvaa viatu. Kumlipia pilau hotelini ni kumtukana yeye, na mimi pia.

Mipaka ijue mapema. Karanga hapa Uganda ziko kila mahali, hata ndani ya mboga ambayo hukuitegemea, kwa hiyo mwenye mzio nazo asemewe kabla. Kama mnakula halali, jibu la "sisi hatuuzi nguruwe" lisikutoshe. Uliza nyama inatoka kwa nani na nani kachinja. Kampala nguruwe anapendwa sana, na zipo sehemu za nyama choma ambapo wavu ni mmoja na koleo ni moja.

Hatua ya pili: chagua sahani

Hapa ndipo nakuomba utumie muda.

Kama wako ni mlaji wa kumbukumbu na kwao ni Buganda, luwombo ndiyo njia. Husimuliwa kwamba ilianzia jikoni kwa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, mwaka 1887, na mpishi anayetajwa ni Kawuuta. Majani machanga ya mgomba hupitishwa juu ya moto mpaka yalegee, uti wa katikati unapunguzwa, ndani yake anawekwa kuku au nyama au uyoga pamoja na mchuzi wa karanga, yanafungwa kwa kamba ya mgomba na kupikwa kwa mvuke saa kadhaa. Wapishi wazuri humpitisha kuku kwenye moshi au mkaa kwanza, na harufu ile ya moshi ndiyo utakayoitafuta.

Sasa, kuna luwombo na kuna mchuzi uliovalishwa jani. Ya pili hupikwa sufuriani kama mchuzi wowote, kisha inamiminwa kwenye jani dakika ya mwisho ili ipendeze. Kuitambua ni rahisi. Jani lililokaa kwenye mvuke saa tatu limegeuka rangi kama zeituni, limekuwa laini kama kitambaa, na mchuzi umeng'ang'ania kwenye mishipa yake. Jani la kijani kibichi linalong'aa limevaa kanzu ya kuazima.

Uganda haiishii Buganda, na hili watu wengi wa Kampala hulisahau. Mtu wa Acholi au Lango ukimpa malakwang, yale majani yenye uchachu yaliyochanganywa na odii, ile siagi ya ufuta na karanga, pamoja na viazi vitamu, hutahitaji keki. Kwa Banyankole kuna eshabwe: samli iliyopigwa mpaka ikawa nyeupe na nyororo, huliwa ya baridi na kalo, ugali wa ulezi. Ukiionja mara ya kwanza utashangaa; mimi nilidhani mtu ameninyima mchuzi wa moto. Bugisu wana malewa, machipukizi ya mianzi kutoka Mlima Elgon, yanakaushwa kwa moshi na kupikwa na karanga. Haya si lazima umpe mwenye kwao tu. Mtoto wa mjini ambaye hajawahi kufika Mbale, malewa kwake ni chakula cha kigeni kuliko piza.

Ila jua hili: vyakula hivi vizuri mara nyingi viko kwenye vijumba vya chakula cha mchana, ambako ukiingia wanakuuliza "chakula gani?" wakimaanisha matoke, posho (ugali wa mahindi), wali au kalo, halafu "mchuzi gani?" Saa kumi jioni sufuria zimekwisha na mama anaosha. Kwa hiyo usishikilie usiku kama vile ni sharti la ndoa. Jumamosi saa saba mchana, luwombo imetoka jikoni sasa hivi, ni bora kuliko luwombo hiyohiyo iliyopashwa saa mbili usiku chini ya taa za rangi.

Samaki. Kwa mlaji, sato mzima ni bora kuliko mnofu wa sangara, kwa sababu ya kichwa. Wangu huanza na mashavu. Anayatoa kwa kidole, vipande viwili vidogo kama kokwa za maharage, kimoja ananipa, kingine anakila akiwa amefumba macho. Ggaba, kule ufukweni, unaweza kumchagua samaki kabla hajakaangwa: jicho likiwa limejaa na linang'aa, matamvua mekundu, huyo. Jicho lililozama, msalimie upite.

Kuna majiko ambayo nyumbani huwezi kuyaiga, na hayo yana haki ya pesa zako. Tanuri la Kihindi ni mojawapo. Moto ule jiko la gesi halifiki. Idi Amin aliwapa Wahindi siku 90 kuondoka mwaka 1972. Wao wakaenda, chapati ikabaki, na leo ndiyo inayokunja rolex, ile chapati ya mayai, kila kona. Wengi walirudi baadaye, na majiko yao yako: Haandi pale Kampala Road na Khana Khazana kule Kololo ni majina utakayoyasikia kwanza. Wa Kiitalia wanatajwa Mediterraneo, Acacia Avenue (barabara ambayo siku hizi kibao chake kinasema John Babiiha). Wa Kijapani, Yujo, Nakasero. Piga simu kabla ya kutegemea jina lolote, maana Kampala hoteli huhama na kufunga bila kuaga.

Pesa zikiwa za wastani na mapenzi yakiwa mengi, nenda Kabalagala kwa Wahabeshi. Injera (mkate wao mwembamba na mpana) moja kubwa kati yenu, mchuzi juu yake, mnakula kwa mkono kutoka sinia moja. Kwao kuna desturi ya kumlisha mwenzako tonge kwa mkono wako, inaitwa gursha. Halafu kahawa inakaangwa mbele yenu na kumiminwa kutoka kibuyu cha udongo, raundi tatu ukiwa na subira. Nimeona mwanamume mkubwa, mfanyabiashara wa vipuri, akilishwa tonge na mkewe pale hadi akasahau kupokea simu. Na kama mnataka wali na mbuzi, Kisenyi kwa Wasomali, ndizi mbivu pembeni ya sahani. Hapo si pa kuvaa gauni refu, lakini mbuzi yule mnatafuna mpaka mfupa.

Hatua ya tatu: nenda ukale mchana, peke yako

Ukishaijua sahani, tafuta sehemu mbili au tatu zinazoipika, na angalau moja uende mwenyewe kabla. Usitegemee picha. Picha zinaonyesha meza. Hazionyeshi mafuta yamekaangia mara ngapi.

Mimi nikiketi, swali la kwanza kwa mhudumu ni: "Leo nini kimeisha?" Akisema "hakuna kilichoisha, vyote vipo," na menyu ina kurasa kumi na nne, pana friza kubwa nyuma. Akisema "malakwang imeisha, na samaki wamebaki wawili," hapo napumua. Jiko linaloishiwa ni jiko linalonunua asubuhi.

Angalia muda. Luwombo ikija baada ya dakika kumi si kasoro, imeshaiva tangu asubuhi. Lakini sato mzima wa kukaangwa akikujia baada ya dakika kumi, huyo alikaangwa jana na leo amepashwa. Umsubiri nusu saa na uwe na furaha.

Kisha agiza pamoja na sahani yako kile kitu kidogo ambacho hakuna anayekijali. Dodo (mchicha). Kachumbari. Chai. Mpishi mvivu hujificha nyuma ya nyama, lakini kwenye kachumbari hana pa kujificha: nyanya iliyokatwa asubuhi imetoa maji, kitunguu kina harufu ya jokofu. Sehemu moja niliyoipenda sana kwa macho, viti vya mbao safi, maua mezani, niliiacha kwa sababu ya kachumbari tu. Rafiki yangu aliniona mwendawazimu. Mlaji angenielewa.

Msalani usiache kuingia. Ukitoka, mtafute mpishi au meneja, msifie kwa haki, na uliza kitu kimoja muhimu: anayepika mchana ndiye anayepika usiku? Mara nyingi siye. Nilishawahi kuonja biriani nzuri mchana, nikaweka meza ya usiku, kumbe mzee yule hufunga kazi saa kumi na kijana anayempokea ana mkono mzito wa chumvi.

Hatua ya nne: kelele, mbu, taa

Hili fupi. Mlaji anataka kuzungumza juu ya chakula anachokula. Kisementi na Acacia Avenue ijumaa usiku muziki hupanda ikifika saa tatu, na mtapiga kelele kama mnauziana nyanya. Nenda Jumanne au Jumatano. Sherehe ikisogezwa siku mbili hakuna atakayekufa. Bustani ni nzuri, lakini uliza kama wana dawa ya mbu, na kama wana paa, maana mvua za Septemba mpaka Novemba hazina salamu. Karibu na ziwa, Entebbe na Munyonyo, kuna jioni vijidudu vya ziwani huja kwenye taa kama wingu. Omba meza ya ndani au mbali na balbu.

Taa nayo isiwe gizagiza la mahaba. Anataka kuiona sahani.

Hatua ya tano: piga hesabu kabla bili haijakupiga

Menyu nyingi za sehemu za bei ya juu zina mstari mdogo chini kabisa, wa herufi kama chungu: bei hazijajumuisha VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani. VAT hapa ni asilimia 18. Pengine kuna na ada ya huduma juu yake. Tuchukue mfano. Sahani mbili za 60,000 kila moja ni 120,000. Cha kuanzia cha kushirikiana 30,000. Maji, juisi ya pasheni na kahawa 30,000. Unaona 180,000, moyo umetulia. Weka VAT, 32,400. Weka huduma ya asilimia 10, 18,000. Umefika 230,400 na hujamwita hata dereva. Usafiri wa kwenda na kurudi ongeza wako.

Kwa hiyo uliza kwenye simu: bei ni pamoja na VAT? Kuna ada ya huduma? Nikileta keki yangu mnatoza kuikata? (Zipo zinazotoza, na wanaokunywa divai waulize hivyohivyo kuhusu chupa ya nyumbani.) Mnapokea MoMo ya MTN au Airtel Money, au kadi, au taslimu tu? Usijibiwe "vyote vinakubalika" ukaridhika. Mtandao hukatika usiku uleule unaouhitaji. Weka noti mfukoni.

Kama hela ni kidogo, usipunguze ubora wa sahani, punguza idadi. Mlaji akipata kitu kimoja kilichopikwa kikamilifu na chai ya tangawizi, amefika. Nilifanya hivyo mwaka mmoja tulipokuwa tunalipa karo ya muhula: sato mmoja mkubwa, sisi wawili, ufukweni Ggaba, na tukabaki na nauli.

Wanaofikiria Entebbe wakumbuke ile barabara ya mwendokasi inatoza tangu Januari 2022, gari dogo 5,000 kwenda, na kurudi tena. Bado naiona ni nafuu kuliko kukaa kwenye foleni ya Kajjansi mtu akiwa na njaa ya siku yake ya kuzaliwa.

Hatua ya sita: simu yenyewe

Usitume ujumbe. Piga, siku nne au tano kabla, na usipige saa saba mchana wakati wanahangaika na wateja. Piga saa tisa au saa kumi. Mazungumzo yangu ya mwaka jana yalikuwa nusu Kiganda nusu Kiswahili (nnyabo ni bibi, ssebo ni bwana), nayaweka hivi:

"Nnyabo, naomba meza ya watu wawili Jumatano, saa saba na nusu mchana. Ni siku ya kuzaliwa ya mume wangu."

"Karibu sana nnyabo. Tutamwimbia?"

"La, tafadhali msimwimbie. Nataka luwombo ya kuku wa kienyeji. Mmoja mzima mnaweza?"

"Wa kienyeji ni wa kuagiza. Utatuma kidogo cha kumnunulia."

"Nitatuma. Na firigisi yake?"

Akacheka. "Firigisi tutaiweka ndani kwa ajili ya ssebo."

Huyo ndiye mtu wako. Buganda firigisi ni ya mwenye nyumba, na hata kwetu pwani ni hivyo. Mhudumu anayelijua hilo bila kuelezwa anafanya kazi kwenye jiko linalojua linachofanya. Nilituma 30,000 za kuku kwa simu, nikahifadhi ujumbe wa muamala, na nikaandika jina lake la kwanza kwenye daftari. Jina ni muhimu. Ukifika ukasema "nilipiga simu" bila jina, kila mtu anamtazama mwenzake.

Kuku wa kienyeji na luwombo usiviagize siku hiyohiyo ya kula. Kuku wa kienyeji ana misuli, anahitaji muda. Anayekubali kwa haraka haraka ameamua kukupa wa kizungu ndani ya jani, na mlaji wako atamjua kwenye mfupa wa kwanza: mfupa wa kuku wa kienyeji ni mgumu na una kitu ndani cha kufyonza, ule mwingine unavunjika kama kijiti.

Asubuhi ya siku yenyewe piga tena. Uliza mambo mawili tu: mpishi amekuja? Kuku amekuja?

Hatua ya saba: siku yenyewe

Usimpe chakula kizito kabla. Chai na kipande cha muhogo, basi. Ondokeni mapema kuliko akili inavyokwambia, hasa ikiwa ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi, au wingu limesimama juu ya Muyenga. Mvua ikipiga, boda hazionekani na madereva wa programu wanakataa safari mmoja baada ya mwingine.

Mkifika, menyu mwachie aisome hata kama umeshaagiza. Kwa mlaji, kusoma menyu ni sehemu ya chakula. Mwache aulize maswali yake. Usimkumbushe bei. Kama kuna mlo ambao hukuuagiza na macho yake yamesimama hapo, mwambie mhudumu alete kidogo. Ndiyo maana ulibakisha noti mfukoni.

Mwaka jana luwombo ilikuja ndani ya kikapu kidogo. Mhudumu akataka kuifungua, Baba Rahma akamwekea mkono, pole pole, akaifungua mwenyewe. Kamba kwanza, akaiweka kando kama kitu kitakachorudishwa. Halafu pembe za jani moja moja. Mvuke ukampanda usoni na miwani ikaziba. Hakumtazama kuku. Alilishika jani lenyewe, akalikunja, akalinusa, na kwa muda hakusema neno. Kisha akauliza, "Nani yuko jikoni?" Mpishi alikuwa mama wa makamo mwenye kitambaa cha bluu kichwani, alikuja akikausha mikono, wakaongea Kiganda cha haraka ambacho mimi sikukipata chote, nikasikia Butambala mara tatu. Firigisi aliikata vipande viwili.

Na mambo yakiharibika? Umeme ukikatika, jenereta ikagoma, kuku akaletwa mgumu kama soli? Usilaumu mhudumu mbele yake, na usiombe radhi usiku kucha. Lipeni mlichokula, tokeni, mtafute fundi wa rolex mwenye foleni. Mayai manne, nyanya nyingi, kabichi kidogo, chapati mbili. Simameni pale pembeni ya kibanda. Mlaji akishika kitu cha moto kilichopikwa mbele ya macho yake, hasira huwa hazikai.

Siku yake huwa katikati ya Novemba, msimu wa nsenene, wale panzi wa kuliwa, na mwaka huu nina jambo. Sitamwambia. Kuna mama mmoja sokoni Nakasero ambaye huwachuma mabawa na miguu mwenyewe na kuwakaanga kwa kitunguu na chumvi, bila mafuta ya ziada, maana nsenene ana mafuta yake. Nimeshachukua namba yake. Nimeongea na yule mpishi wa kitambaa cha bluu, amekubali niwalete kwa kopo kabla ya luwombo, na hatatoza. Sharti lake ni moja: nimbakizie.